Kuni za Siku ya Kupimwa

Kwa miaka miwili na miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa kupima kuni. Kwenye mkataba niliitwa afisa ufuatiliaji na tathmini, na mama yangu aliwaambia majirani pale Kibaoni kwamba binti yake anakaa ofisini. Ukweli ni kwamba siku zangu nyingi nilizimalizia kwenye ua wa mtu, mizani ya ndoano mkono mmoja, daftari mkono mwingine, nikisubiri mshale utulie.

Shirika letu lilikuwa dogo. Tulikuwa watatu: mkurugenzi, mhasibu aliyekuja mara mbili kwa wiki, na mimi. Mkurugenzi alikuwa amestaafu kufundisha sekondari, na watu wote, wafadhili wakiwemo, walimwita Mwalimu. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la pembejeo, kwa hiyo taarifa zetu zote ziliandikwa katika harufu ya dawa ya magugu.

Mradi wenyewe ulikuwa wa matanuri ya kukaushia samaki. Kuna kijiji kando ya mto Kilombero ambako akina mama ishirini wana kikundi. Wananunua samaki wabichi kwa wavuvi, wanawakausha kwa moshi, kisha wanakwenda kuwauza Mngeta kwa vibarua wa shamba la mpunga, au Mlimba, stesheni, kwa abiria wa treni. Walikuwa wakitumia chanja: miguu minne ya miti, fito juu, moto wazi chini. Kuni walizifuata upande wa milimani, na kila mwaka ilibidi waende mbali zaidi. Mwalimu aliandika andiko la mradi kuomba ruzuku wajengewe matanuri ya matofali, yenye mlango na trei mbili za wavu, ili joto lisipotee hewani. Mahali pa matokeo aliandika kwamba matumizi ya kuni yatapungua kwa nusu.

Nilipoanza kazi nilimuuliza hiyo nusu aliipata wapi.

"Fundi wa matanuri ndiye aliyesema," akanijibu, akaendelea kusoma gazeti.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya kupima hali ilivyo kabla ya matanuri kujengwa. Nilikaa kijijini siku tatu, nikafikia kwa mwenyekiti wa kikundi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, Mndamba, mrefu na mkavu, mwenye sauti ndogo ambayo watu waliinyamazia ili waisikie. Alianza kubanika samaki akiwa msichana. Alinifundisha kufunga mzigo wa kuni kwa kamba ya gome usichomoke ukiwa kwenye ndoano, na kila niliposoma kilo alirudia kwa sauti kama anayeapa.

Siku ya tatu tulikuwa tunakula mchana, wali na ngogo wa kuchemsha, pamoja na wanakikundi wengine wawili. Akaniuliza, "Mwanangu, na wewe huko wamekuajiri moja kwa moja?"

"Hapana mama. Mkataba wa awamu hii tu. Matokeo yakiwa mazuri wafadhili wanatoa awamu ya pili, na mimi naongezewa."

"Na yakiwa mabaya?"

"Basi narudi kwa mama yangu kuosha vyombo," nikasema, nikacheka. Wao hawakucheka. Mmoja aliniongezea samaki kwenye sahani.

Matanuri kumi ya kwanza, ya nusu ya kikundi, yalijengwa baada ya masika, maji yalipopungua na lori la matofali likaweza kupita. Yalipokamilika nilipanga siku za kupima tena. Wiki mbili kabla nilimpigia simu mwenyekiti kumpa tarehe, maana ndivyo nilivyofundishwa, kwamba huwezi kuwavamia watu majumbani mwao. Nilipofika nilikuta matanuri yamepakwa udongo mwekundu, yamefagiliwa mpaka mlangoni, na akina mama wamevaa vitenge vya sare. Ndani ya trei walikuwa perege, samaki wafupi bapa, wamepangwa mstari kwa mstari kama madaftari.

Nikapima. Kuni zilikuwa zimepungua kwa nusu, na kwingine zaidi ya nusu. Nilishtuka kidogo. Nikatoa mfuko wa sukari wa kilo mbili niliomnunulia mwenyekiti, nikauning'iniza kwenye ndoano kuona kama mizani imeharibika. Mizani ikasoma kilo mbili. Nikapima tena siku ya pili, ikawa vilevile.

Sikumbuki kufurahi kazini kama nilivyofurahi wiki ile. Niliandika taarifa kwa siku mbili, nikaweka jedwali na picha ya mwenyekiti akiwa amesimama kando ya tanuri lake, mkono kiunoni. Afisa aliyesimamia ruzuku yetu, dada mmoja aliyekuwa Dar es Salaam, alipiga simu kunipongeza mimi binafsi. Picha ile ikatoka kwenye jarida lao. Mwalimu akaichapisha kwa rangi, akaibandika ukutani juu ya meza yangu.

Miezi minne baadaye nilikuwa Mlimba kwa shughuli nyingine, ya vyoo vya shule. Nilitakiwa kurudi Ifakara kwa treni, lakini treni ilichelewa, na mtu wa stesheni alipoulizwa itafika saa ngapi alitazama reli tu. Nikapata lifti kwenye gari la mfanyabiashara wa mchele. Tulipopita Mngeta mvua ikaanza, ile ya matone mazito, na dereva akasema barabara mbele haipitiki, atarudi. Nikakumbuka kwamba njia ya kwenda kijijini kwa mwenyekiti haikuwa mbali. Nikashuka, nikapata bodaboda, nikaenda kuomba hifadhi kama mtu anayekwenda kwa shangazi yake.

Tulifika kama saa kumi alasiri, mvua imekatika. Moshi ulikuwa kila mahali, na ulikuwa unatoka kwenye chanja. Kwanza nilijiambia hawa ni wasio na matanuri. Halafu nikaona nyumba ya mhazini wa kikundi, ambayo naijua vizuri. Chanja yake ilikuwa imejaa samaki na moto mkubwa ukiwaka chini. Tanuri lake lilikuwa hatua tano kutoka pale. Ndani, kwenye majani makavu, kulikuwa na kuku anaatamia.

Mwanamke mmoja aliniona, akaweka beseni chini, akapaza sauti kuelekea nyumba za nyuma: "Jamani! Wa mizani amekuja!"

Kwa muda fulani watu walikimbia. Nilimwona mama mmoja akijaribu kuhamisha samaki wa moto kutoka kwenye chanja kwa mikono, akawaangusha. Mwenyekiti alitokea kwake akitembea taratibu, akawatuliza kwa mkono, akanijia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelowa. Ingia ndani."

"Mama, matanuri yameharibika?"

"Mazima kabisa. Ingia kwanza."

Alinipa khanga kavu na chai ya rangi. Akasubiri ninywe nusu kikombe, akaniambia bila kuzunguka. Kikundi kilikaa kikao kabla ya ile safari yangu ya kupima. Tanuri halikuwafaa, walishalijaribu wiki nzima wakaona. Lakini mtoto wa watu ana mkataba. Wakakubaliana kwamba siku zangu wataliwasha, nikiondoka wataendelea na kazi zao.

"Mmefanya hivyo kwa ajili yangu?"

"Ulisema yakiwa mabaya unarudi nyumbani. Sasa tungefanyaje?"

Nilihisi aibu kwanza, kisha hasira. Hasira yenyewe haikupata mtu wa kumwangukia. Mwenyekiti alikuwa ananiangalia kwa huruma ileile aliyonitazama nayo siku ya wali na ngogo. Nilimwambia wangeniambia ukweli tu. Akasema, "Ungeuandika?" Nikamalizia chai iliyobaki.

Nililala kwake. Asubuhi aliniita uani kabla sijanawa uso, akaniwekea kambale mikononi. Alikuwa mzito, anateleza. Akamkunja mkia mpaka mdomoni, akampitishia kijiti akawa duara, ndivyo kambale wanavyotakiwa na wanunuzi wa Mngeta na Mlimba. "Haya," akasema, "muweke kwenye tanuri lako."

Nikajaribu. Nafasi kati ya trei na trei ilikuwa ndogo. Kambale aliingia kwa kubanwa, mgongo ukagusa wavu wa juu, na nilipomvuta ngozi ikabaki kwenye waya.

"Umemchuna," akasema mwenyekiti. "Huyo sasa hauziki. Fundi wenu alipima kwa perege. Sisi perege tunakula nyumbani. Tunauza kambale. Siku ile ya kupima tulikusanya perege kijiji kizima, wengine tuliwafuata kwa wavuvi wa kambi ya chini."

Nikaketi kwenye kinu kilichokuwa kimelazwa. Nikamuuliza swali lililokuwa limenisumbua tangu jana yake. Hata kwa perege, mbona kuni zilikuwa chache vile? Mizani yangu haikudanganya.

Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza. "Tulizianika. Ulipiga simu wiki mbili kabla. Tukapasua kuni nyembamba, tukazianika juani siku zote hizo, zikawa kavu kama magamba. Tuliona kama ni kukusaidia zaidi." Akamtazama yule kambale aliyechunika. "Baadaye zilibaki. Nikazitumia hapa kwenye chanja. Na penyewe zilitumika chache. Kilichopunguza kuni lilikuwa jua, tanuri halikuwa na kazi."

Nilirudi Ifakara nikamweleza Mwalimu yote. Alisikiliza akiwa amevua miwani. Alipoanza kuifuta kwa shati nilijua anatafuta jinsi ya kusema jambo asilolipenda.

"Taarifa ya kwanza tulishaituma," akasema.

"Najua, Mwalimu."

"Kwenye taarifa inayofuata weka kipengele cha changamoto. Andika kwamba baadhi ya wanufaika bado wanazoea teknolojia. Tutakwenda tunarekebisha polepole."

Ningependa kusema nilikataa. Sikukataa. Niliandika hivyohivyo, kwa maneno yaleyale, baadhi ya wanufaika bado wanazoea. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minane. Mdogo wangu alikuwa chuo, ada yake ilinitegemea mimi. Niliandika aya ile asubuhi moja, mchana nikaenda kula, na chakula hakikunishinda.

Kilichobadilisha mambo ni simu. Yule dada wa Dar es Salaam alipiga wiki moja kabla hatujatuma taarifa. Alikuwa na furaha. Alisema matokeo yetu yamewavutia, wanataka kujenga matanuri ya aina ileile katika vijiji vingine, mto mwingine, mkoa mwingine. Akaomba ramani ya fundi. Alipotaja idadi ya matanuri, niliwaona kuku. Kila tanuri na kuku wake. Nikamwona pia mama fulani nisiyemjua, huko kwenye mto mwingine, akichuna kambale kwenye wavu.

"Dada," nikasema, "usitumie ramani hiyo."

Mwalimu alikuwa mlangoni na kikombe chake. Nilimwona anasimama. Nikaendelea tu, maana nilijua nikinyamaza sitasema tena. Nilimweleza kuhusu kambale, perege wa kukusanywa, kuni za kuanikwa, na mkataba wangu uliotajwa mbele ya chakula. Nilisema kosa la kwanza lilikuwa langu, nilitangaza siku ya kupima na nikasema ninachokihitaji kutoka kwenye vipimo.

"Haya yote yaandike," akasema yule dada, kwa sauti isiyo na furaha wala ukali. "Uyaandike kama ulivyoniambia."

Nilipokata simu Mwalimu aliingia akaketi kwenye kiti cha wageni. Nilitegemea anifokee. Aliniuliza, "Kambale anakunjwa vipi?" Nikamwonyesha kwa taulo la kufutia meza. Akalitazama lile duara. "Miaka yote nakula kambale hao," akasema, "na wakati wa kuandika sikuwakumbuka."

Barua rasmi ilikuja baada ya wiki tatu. Awamu ya pili ilisitishwa. Kilichobaki cha awamu ya kwanza kingeweza kutumika kurekebisha yaliyokwisha kujengwa, kwa sharti kwamba kila hatua ipimwe na kuandikwa. Mwalimu alizeeka kidogo siku ile. Mhasibu akaanza kuja mara moja kwa wiki.

Mimi nilirudi kijijini kuwaambia. Hiyo ndiyo safari niliyoiogopa kuliko zote. Kikundi kilikusanyika kwa mwenyekiti na nikaeleza kwamba nimesema kila kitu, na kwamba hakutakuwa na awamu ya pili, ambayo ingeleta matanuri kwa akina mama wengine kumi waliokuwa wakisubiri. Mama mmoja kati ya hao waliokuwa wakisubiri alisimama.

"Sisi tulikuficha wewe, wewe ukatutangaza," akasema.

Ni kweli. Mwenyekiti alimwacha amalize, kisha akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba hata hao kumi wangepata mabanda ya kuku, na akauliza nani ana wazo la tanuri. Walizungumza mpaka jua likahama ukutani. Waliamua trei moja iondolewe na kuta ziongezwe mistari mitatu ya matofali. Yule mama hakuongea na mimi tena siku ile, na mara iliyofuata alinisalimia kwa kichwa tu.

Fundi wa hapo hapo kijijini alirekebisha matanuri sita kwanza. Safari hii nilipima tofauti. Sikutoa tarehe. Niliomba kila mama aendelee kufanya alivyozoea, na badala ya kilo peke yake niliandika mizigo ya kichwa kwa wiki, kama wao wenyewe wanavyohesabu. Nilipima pia chanja, kwa kuni mbichi na kwa kuni za kuanikwa, maana maneno ya mwenyekiti hayakunitoka. Afisa wa Dar es Salaam alikuja mara moja kuona. Mwenyekiti alimwekea kambale mikononi, kama alivyonifanyia mimi, na yule dada akamshika vizuri kuliko nilivyofanya. Alisema kwao ni Ukerewe, kisiwani, kwa wavuvi.

Taarifa ya mwisho ilikuwa na kurasa chache. Niliandika kwamba tanuri lililorekebishwa linaokoa mzigo mmoja katika kila mizigo mitano, basi. Wanne kati ya wale sita walikuwa bado wanalitumia, wawili walirudi kwenye chanja na sababu zao niliziandika: mmoja mlango ulimuunguza mkono, mwingine alisema moshi wa chanja unafukuza mbu na wa tanuri haumsaidii. Kuni za kuanikwa ziliokoa zaidi ya tanuri, hata kwenye chanja. Niliandika kwamba kikundi kinaomba mabati na nguzo za kujengea kibanda kimoja cha kuanikia kuni, ili mvua isizifikie. Ile nusu iliyoahidiwa kwenye andiko haikuonekana popote.

Mfadhili alikubali kibanda. Kilijengwa karibu na kwa mwenyekiti, kikawa kirefu, wazi pande zote, na kuni zimepangwa kwa majina ya wenyewe. Mkataba wangu uliisha mwezi huohuo na haukuongezwa. Nilikaa nyumbani karibu nusu mwaka, nikauza vocha na maandazi na mama, mpaka Mwalimu aliponiita kwa mradi mwingine mdogo wa mbegu za mpunga. Mshahara ulikuwa pungufu. Nikakubali.

Mwaka jana nilikwenda tena kijijini, kwa msiba wa mhazini wa kikundi. Tulizika, tukala, na kabla sijaondoka mwenyekiti alinisindikiza hadi barabarani. Njiani niliona vibanda vya kuni kwenye nyua za watu ambao hawakuwahi kuwa kwenye kikundi, vingine vya mianzi na nyasi, kimoja cha turubai la zamani. Kwa mazoea nikaanza kuvihesabu. Nilifika kumi na moja. Yule mama aliyesema nimewatangaza alikuwa kwenye ua mmojawapo, anageuza vijiti juani. Nikamsalimia.

"Leo huna mizani?" akauliza.

"Sina, mama. Nimekuja kwenye msiba."

"Haya. Pita basi, uchukue samaki wa njiani."

Alinifungia kambale wawili kwenye gazeti, wamekunjwa, mkia mdomoni, na nikapanda bodaboda kurudi Ifakara.